Kusafisha vioo mjini: kazi ya kukubali na kazi ya kuacha



Hapa Lubumbashi majengo ya vioo yanaongezeka. Mabanki, farmasi, maduka ya simu, hoteli, biro za makampuni ya migodi, hata nyumba za watu binafsi zenye madirisha mapana kuliko milango. Na vumbi letu jekundu munalijua. Kuanzia karibu mwezi wa tano mpaka wa tisa mvua haipo, barabara nyingi za ndani hazina lami, na kioo kilichosafishwa Jumatatu, siku ya Alhamisi mtoto anaweza kuandika jina lake juu yake kwa kidole. Njo maana kuna vijana, na kati yao wenye diplome, ambao wameanza kuishi kwa kazi hii. Ndoo, raklete, vitambaa, ngazi, simu, basi. Mtaji ni mdogo, hakuna anayekuomba barua ya mapendekezo, na mara nyingi makuta inaingia siku ileile.

Juu ya namna ya kupitisha raklete kwenye kioo, video ziko tele. Kile ambacho watu hawafundishani ni namna ya kuchagua kazi. Anayeanza anakubali zote. Simu inalia, sauti inasema «kuya uone madirisha yangu», naye anajibu «ndiyo mama, ninafika» kabla hajauliza hata swali moja. Ninamwelewa. Njaa ipo, kodi ya nyumba ipo, na ipo ile haya ya kuonekana na ndoo mbele ya wale mulikaa nao oditwari moja, inayomfanya mtu atake aonekane ana kazi nyingi. Lakini ukifuatilia hasara za kazi hii, utaona chache sana zinatokana na kusafisha vibaya. Nyingi zilianza kwenye ile «ndiyo» ya kwanza.

Basi tuanze na hesabu, maana hapo msomi ana faida yake. Watu wanaangalia bei ya kazi nzima. Wewe angalia ni nini kinabaki kwa kila saa ya kila mtu. Chukua mfano, na bei hizi ni za kuelezea tu, weka za kwako. Mama mmoja wa Golf anakuita kwa villa yake, dola 40. Unaenda na mwenzako. Toka Katuba mpaka kule munabadilisha gari, na ngazi haiingii katika taksibisi, kwa hiyo munakodi chombo cha kuibeba. Kwenda na kurudi dola 8, sabuni na chakula dola 4. Inabaki 28. Kazi yenyewe masaa 6, njia masaa 2. Watu wawili kwa masaa 8 ni masaa 16. Gawanya: dola 1 na senti 75 kwa saa ya mtu mmoja, mumechoka, na siku imekwisha.

Sasa tuseme kuna maduka matano yaliyofuatana kwenye barabara moja, kila moja linakulipa dola 3 kwa wiki kwa vitrini ya mbele tu. Unaenda peke yako asubuhi kabla hawajafungua. Nauli dola 2, sabuni dola 1, masaa 3 pamoja na njia. 15 kutoa 3 ni 12, gawanya kwa 3: dola 4 kwa saa. Saa nne za asubuhi uko huru. Na wiki ijayo unarudi, safari hii kioo hakina uchafu wa miezi sita, kwa hiyo mkono unakwenda haraka zaidi. Yule mama wa Golf pengine atakupigia tena mwezi wa kumi na mbili, akipata wageni.

Sisemi villa ni kazi mbaya. Nasema villa moja, mbali, mara moja kwa mwaka, ni kazi ya bei ghali zaidi kuliko ulivyomtajia. Kama kwenye barabara ileile unaweza kupata villa tatu siku moja, hesabu inabadilika kabisa. Kwa hiyo ukipata mteja mahali, kabla ya kuondoka gonga milango ya majirani. Mtaa mmoja wenye wateja wanane unalisha mtu vizuri kuliko wateja ishirini waliotawanyika toka Ruashi mpaka njia ya Kasapa.

Kuna jambo lingine linaloharibu hesabu: kuhesabu madirisha bila kuuliza ni ya aina gani. «Niko na madirisha kumi» haina maana yoyote mpaka ujue. Chukua nako. Dirisha la safu tatu, kila safu vipande vinane, ni vipande 24, na kila kipande kina pande mbili: nyuso 48 za kioo, ambazo raklete haipiti vizuri, unapangusa moja moja kwa kitambaa, ukijihadhari kipande kisichomoke kwenye kishikio kilicholegea. Mteja anasema «dirisha moja». Kisha kuna antivoli. Ikiwa vyuma viko nje na mkono haupiti vizuri katikati yao, upande wa nje utakuchukua muda mara mbili au tatu. Ongeza mustikere iliyopigwa misumari ambayo lazima uing'oe na uirudishe. Mimi nako ninazihesabu kwa vipande, na antivoli ninaziandika peke yake kwenye devi. Mteja akisema «yule mwingine alinihesabia kwa dirisha», mwache huyo mwingine aendelee kuhesabu hivyo, atachoka mwenyewe.

Swali linalofuata ni la maji, na katika mji wetu ni swali zito. Vumbi hili lina chembe za mchanga ndani yake, na mchanga mwingi ni kwazi, jiwe gumu kuliko kioo. Ukipangusa kioo kikavu kwa kitambaa, au ukakisugua kwa maji kidogo yaliyokwisha kuwa tope, unazisaga zile chembe juu ya kioo. Jioni hakuna kinachoonekana. Kesho asubuhi jua likipiga upande, mteja anaona mikwaruzo myembamba ya mviringo, na inafuata mkono wako hasa. Kwa hiyo lazima umwage maji mengi kwanza, uchafu ushuke, ndipo uanze kusugua. Kazi ambayo mwenye nyumba anakupa ndoo moja tu kwa sababu bomba la REGIDESO limekauka tangu juzi, si kazi ya kufanya siku hiyo. Ama uje na bidoni zako na uziweke ndani ya bei, ama muahirishe. Uliza kwenye simu, usiulize ukiwa umekwisha fika. Tena uliza maji yanatoka wapi: ya kisima mara nyingi yana chokaa, na yakikauka juu ya kioo kwenye jua yanaacha madoa meupe. Kazi ya kuta zinazopigwa na jua ichukue asubuhi mapema, au iache.

Nimefika kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Kimo.

Kazi za juu njo zinalipa. Jengo la etaje tatu, meneja amevaa vizuri, anasema dola 150 kwa madirisha ya nje, leo. Kwa mtu ambaye kodi yake imepita siku kumi, hilo si swali, ni jibu la maombi. Lakini tuhesabu kama tulivyohesabu nauli. Mtu anayeanguka toka mita 3 anafika chini akiwa na mwendo wa karibu kilometa 28 kwa saa. Toka mita 6, karibu 39. Waliosoma fizikia wanaweza kuhakikisha, ni mbili mara g mara kimo, kisha kipeuo cha pili. Anafika juu ya saruji, bila kofia, mara nyingi kwa mgongo maana alikuwa ameuegemeza nyuma kufikia kona ya kioo. Na mita 3 si etaje ya tatu, ni dari ya nyumba ya kawaida. Watu wanaogopa etaje ya tano na hawaogopi ngazi ya uani, na kwenye ngazi ya uani njo wanakopanda kila siku.

Tena huyo anayejifanyia kazi mwenyewe hana patro wa kumlipia CNSS. Mfanyakazi mwenye kontra, mwajiri wake anapaswa kumtangaza kule na kumlipia mchango wa ajali za kazini. Wewe uliyekuja na ndoo yako kwa siku moja, ukivunjika mguu, hospitali itauliza nani analipa, na meneja aliyevaa vizuri atasema alikukodisha tu kwa madirisha. Ile dola 150 weka kwenye mizani pamoja na miezi mitatu au minne ya kulala na plasta.

Uingereza, ambako kusafisha madirisha ni ufundi wa zamani, kanuni za kazi za juu za mwaka 2005 zinapanga mambo kwa mfuatano ambao unaweza kuutumia hata Kampemba. Kwanza, usipande kama kazi inaweza kufanywa bila kupanda. Kama haiwezekani, tumia kitu kinachozuia kuanguka. Kama hata hicho hakiwezekani, punguza urefu wa kuanguka na madhara yake. Mfuatano huo unabadilisha swali unalomuuliza mteja. Usianze na «ni etaje ngapi?», anza na «madirisha yanafunguka namna gani?» Yale yanayofunguka kwa ndani, pande zote mbili unazisafisha ukiwa umesimama chumbani, hata ikiwa ni etaje ya nne. Yale ya kuteleza kwenye reli, mara nyingi fundi wa aluminyo anaweza kukuonyesha namna ya kuinua kioo na kukiingiza ndani. Vioo visivyofunguka, lakini viko chini ya mita tano hivi, unavifikia toka ardhini kwa mti mrefu wenye brosi na raklete kwenye ncha. Haimalizi vizuri kama mkono, mwambie mteja mapema. Jengo la etaje tatu lenye madirisha ya kufunguka ndani ni kazi nzuri sana. Jengo la etaje moja lenye kioo kimoja kikubwa kisichofunguka, juu ya ngazi za mlango wa kuingilia, linaweza kuwa baya kuliko hilo.

Kama lazima ngazi, basi ngazi ina masharti. Ikigusa ukuta kwenye mita 4, mguu wake uwe mita 1 toka ukutani, moja kwa nne. Ikikaribia zaidi inarudi nyuma na wewe, ikienda mbali zaidi inateleza chini. Isiegemee kioo, wala mfereji wa maji ya bati. Udongo wetu wa mfinyanzi baada ya mvua hauishikilii, na vigae vya veranda vilivyomwagikiwa sabuni havishikilii kabisa, kwa hiyo kuwe na mtu chini anayeshika, si anayeangalia simu. Mimi nimeweka mpaka: miguu yangu haipiti mita 4. Kuna wenzangu wanaoweka 3. Sijali namba, ila iwe na namba, na iwe imeamuliwa nyumbani, siyo mbele ya meneja mwenye noti mkononi.

Angalia pia waya. Kwenye parseli nyingi waya wa umeme unapita karibu na ukuta, mara nyingine umeunganishwa na jirani kwa kamba ya plastiki. Ngazi ya aluminyo inapitisha umeme, na mti uliolowa maji pia si salama. Mwenye nyumba atakuambia: «Hakuna shida, umeme hakuna tangu asubuhi.» Njo hapo ogopa zaidi. Delestaje haitoi taarifa inapokwisha. SNEL ikirudisha, inarudisha. Na jirani anaweza kuwa amewasha jenereta. Waya ambao haujazimwa kwa mkono na mtu unayemwona, uhesabu kuwa una umeme. Kama ngazi yako ikianguka inaweza kuufikia, dirisha hilo liache.

Na kuna ile «tutakupa kamba». Kamba iliyofungwa kiunoni si mkanda wa usalama. Ukianguka nayo, uzito wote unakamatia tumboni na kwenye uti wa mgongo, na kamba inayokusudiwa kukuokoa ndiyo inayokuumiza. Mkanda wa kweli unashika mapaja, mabega na kifua, na unafungwa mahali palipojengwa kwa kubeba, si kwenye bomba la maji wala kwenye chuma cha klimatizeri. Hata ukiwa nao, mtu anayening'inia bila kusogea anaweza kuzimia kwa dakika chache, damu inakaa miguuni. Kwa hiyo lazima kuwe na mtu anayejua namna ya kukushusha mara moja. Kama hakuna mafunzo, hakuna mahali pa kufungia na hakuna wa kukushusha, basi hakuna kazi. Kusimama nje kwenye ukingo wa dirisha ukishika antivoli kwa mkono wa kushoto, hilo tunaliona kila siku mjini, na sina la kuongeza.

Kazi ya pili inayovutia na kuuma ni jengo jipya. Mwenye shantye anataka vioo ving'ae kabla ya wapangaji kuingia. Vioo vina matone ya rangi, saruji iliyokauka, silikoni, alama za gundi. Kijana anaona vumbi tu, anatoa bei ya vumbi. Lakini vitu hivyo havitoki kwa sabuni, vinatoka kwa wembe, na wembe juu ya kioo una mambo yake. Kioo cha kawaida kilicholowa maji kinauvumilia ukishika vizuri. Kioo kilichokazwa kwa moto, kile ambacho mara nyingi kina muhuri mdogo kwenye kona, kinaweza kuwa na chembe ndogo sana za kioo zilizogandishwa juu ya uso wake wakati wa kukazwa. Wembe unaing'oa chembe moja, unaiburuta, na unaacha mchirizi mrefu. Kioo kizima kimeharibika, na huwezi kukifuta. Kioo chenye filimu nyeusi ya kuzuia jua, wembe usikiguse kabisa, wala dawa zenye amonia.

Saruji nayo ina tabia yake. Ikikaa juu ya kioo kwa wiki nyingi, hasa ikilowana na kukauka, ile alkali yake inakula uso wa kioo. Ukiitoa, chini yake kunabaki kivuli cheupe. Kivuli hicho si uchafu, ni kidonda, na mwenye shantye atasema umekifanya wewe. Wengine wanakimbilia asidi ya kusafishia vyoo. Asidi hiyo inakula fremu za aluminyo, na ikikutana na maji ya javeli, inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Chumba kidogo, madirisha yamefungwa kwa ajili ya upepo: usifanye.

Kwa hiyo kazi ya jengo jipya ninaikubali kwa masharti tu. Ninapita kwanza kioo kwa kioo wakati jua liko upande, ninapiga picha za kila mkwaruzo na kila kivuli, ninazituma kwa mwenye kazi palepale kwenye simu yake, na ninajaribu wembe kwenye kona ya kioo kimoja mbele yake. Kisha karatasi moja, sahihi mbili: mikwaruzo iliyokuwepo si yangu, na vioo vyenye muhuri vitasafishwa bila wembe isipokuwa yeye ameandika kwamba anakubali. Akikataa kusaini, mimi pia ninakataa. Kioo kimoja kikubwa cha vitrini kinaweza kuwa na bei kuliko faida yako ya miezi miwili, na hiyo karatasi ni dakika kumi.

Juu ya malipo nitakuwa mfupi, maana munayajua. Anayekuita mara nyingi si anayelipa. Mtu wa lojistiki anakuita, mtu wa finansi analipa, na katikati yao kuna faktire inayozunguka siku 30, pengine 60. Si ubaya, njo namna makampuni mengi yanavyofanya kazi. Ila uliza: ninaweza kulipa vijana wangu wawili, nauli na sabuni kwa siku 60 bila kupokea kitu? Kama jibu ni hapana, kontra nzuri ya kampuni kubwa inaweza kukufunga haraka kuliko kukosa kazi. Chukua jengo moja kwanza, si yote manne. Omba avansi ya vifaa. Andika kama bei ni ya dola au ya franka, na kama ni dola, mutatumia kiwango cha siku gani. Kwa makampuni utahitaji pia kuwa na karatasi. Toka Kongo iingie OHADA mwaka 2012, kuna ile hali ya antreprena kwa mtu mmoja mwenye kazi ndogo, ambayo inatangazwa kwenye ofisi ya RCCM. Wanasheria wetu kwenye ukurasa huu wataieleza vizuri kuliko mimi.

Kwa nyumba za watu, kuna kazi moja nyingine ya kuacha: ile ambayo mwenye nyumba anasema «mimi siko, sentineli atakufungulia, ingia tu». Utapita chumba kwa chumba, karibu na simu, mikufu na mabahasha, peke yako. Kitu kikipotea wiki hiyo, hata kama kilipotea kabla yako, jina la kwanza kutajwa ni lako. Omba mtu wa nyumba awepo katika kila chumba unachoingia, au ufanye upande wa nje tu siku hiyo.

Inabaki namna ya kusema hapana, na hapa vijana wanateseka kwa sababu tumelelewa kutomkatalia mkubwa. Lakini mara nyingi si lazima ukatae kazi nzima, unakata kipande. «Muzee, aksanti kwa kuniita. Ya chini na yale yanayofunguka ndani nitamaliza leo. Ile ya juu sitapanda, juu siko na eshafodaje. Kama mutakodi eshafodaje, nitarudi siku mutakayosema, na bei njo hii.» Unaitoa kwenye karatasi, imechapwa au imeandikwa vizuri kwa mkono. Wengine watachukia na kumtafuta mwingine. Wengine watakodi eshafodaje. Na ukimpa mwenzako namba ya kazi uliyoiacha, mwambie kwa nini uliiacha. Kumpa ndugu ambaye ameanza mwezi uliopita dirisha ambalo wewe uliliogopa, ukanyamaza, hiyo si msaada.

Nenda na daftari. Upande mmoja andika kazi ulizofanya, masaa, na kilichobaki. Upande wa pili andika ulizoacha na sababu kwa neno moja: maji, kimo, njia, karatasi, malipo. Baada ya miezi mitatu hesabu maneno hayo. Kama «maji» imetokea mara tisa, nunua bidoni na kigari cha kuzibebea kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni «kimo», weka akiba ya mti mrefu wa aluminyo wa kuunganisha vipande, na kama wateja watatu wa mtaa mmoja wameandikwa hapo kwa ajili ya kimo, waite pamoja: wakigawana kodi ya eshafodaje kwa wiki moja, jumba lisilokulipa litakulipa.